Uji Uliokataa Kupoa

Shika Adabu, Likoni,
Mombasa.
Oktoba, 1989.

Kwa Mhariri wa Vitabu vya Watoto,
Shirika la Uchapaji la Jamvi Jipya,
Nairobi.

Mheshimiwa Mhariri,

YAH: MALALAMIKO JUU YA VITABU VYA "MTUNGI USIO NA KITAKO", CHA KWANZA HADI CHA TANO

Assalamu alaykum, na kama wewe si mtu wa salamu hiyo, basi habari za huko kwenye baridi. Sisi huku hatujambo, kwa kadiri mtu anavyoweza kusema hajambo bila ya kudanganya sana. Jina langu ni Mwanarehema binti Mwidani. Hunijui, wala sina kosa nawe la siku nyingi, ila hili ninalokuandikia, ambalo naliona kubwa.

Nimo edani. Mume wangu, Rashid, alifariki mwezi wa Agosti, na kwa desturi yetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, na wanaume wa kando wakiwa na haja naye husemea nyuma ya pazia. Sikuelezi haya ili unihurumie. Nakueleza ujue kwamba nina nafasi. Mwenye shughuli zake hawezi kusoma vitabu vitano vya watoto, akavirudia, kisha akavirudia tena na penseli mkononi. Mimi nimeweza.

Vitabu vyenyewe nilivisoma mara ya kwanza nikiwa mtoto wa miaka tisa kule Mtongwe, nimelala chali juu ya magunia ya mbata ya baba yangu, na mwenyewe nikinuka mbata. Nilivipenda kuliko nilivyowapenda ndugu zangu, na ndugu zangu wanalijua hilo hadi leo. Kaka yangu ndiye aliyeniletea mwezi wa Agosti katika sanduku la vitu vyangu vya usichana, akisema vitanisaidia kupitisha wakati. Alikuwa na nia njema. Watu wengi walikuwa na nia njema mwezi ule.

Kwa faida ya makarani wako, ambao huenda hawajavisoma, maana si kila mpishi huonja, nitaeleza kwa ufupi. Kadzo na mdogo wake Boga wanajitumbukiza katika mtungi wa maji wa bibi yao. Mtungi hauna kitako. Wanatokea Nchi ya Nyuma ya Maji, ambako mfalme ni fungo, mnyama wa mwitu kama paka, anayesema kama watu, na adui ni Jini wa Pango la Chumvi. Wanapigana, wanashinda, wanarudi nyumbani. Kitabu kinachofuata wanatumbukia tena, kwa sababu hakuna mtu mzima katika nyumba ile aliyefikiria kuufunika mtungi.

Nimerudi kuvisoma nikiwa mtu mzima na mama wa mtoto, na niliyoyaona yamenitoa jasho. Nayapanga kwa namba ili usipate taabu katika kujibu.

1. Kuhusu hodi.

Kadzo anaibuka katika ukumbi wa mfalme, maji yakimchuruzika juu ya mazulia ya watu, na neno lake la kwanza kwa mwenye nyumba ni kumuuliza yeye ni nani. Hakupiga hodi. Hakuamkia. Mfalme ni fungo, naam, lakini kitabu chenyewe kinasema ni fungo mwenye mvi, na mvi ni mvi. Nilipokuwa na miaka tisa niliuona huo ni ushujaa. Nikaujaribu kwa mjomba wangu aliporudi kutoka Tanga baada ya miaka. Nikasimama mlangoni, nikamuuliza yeye ni nani. Nilichokipata kwa mama yangu jioni ile sijakisahau, na nakuomba ukiingize katika hesabu ya madhara ya vitabu vyenu.

Leo nalea mtoto katika mtaa ambao jina lake peke yake ni onyo. Naomba chapa ijayo Kadzo apige hodi, asubiri akaribishwe, aamkie, kisha aulize hali za watu wa nyumbani mwa mfalme mmoja baada ya mmoja, na mfalme amuulize za kwao. Najua hilo litakula kurasa sita kabla vita havijaanza. Karatasi ni zenu, na adabu haina haraka.

2. Kuhusu karamu.

Katika kitabu cha pili mfalme anawaandalia wageni wake, na mwandishi wenu (ambaye jalada linamtaja kwa herufi tatu tu, kama mtu anayejificha kwa mashemeji) anaandika hivi: meza ikajaa yenyewe. Utotoni niliisoma sentensi hiyo nikimeza mate. Mara hii nilitafuta jiko. Nimepekua vitabu vyote vitano, Mheshimiwa, na katika ufalme mzima hamna jiko. Hamna kuni, hamna mbuzi ya kukunia nazi, hamna mwanamke hata mmoja mwenye macho mekundu ya moshi. Wali wa nazi, kuku wa kupaka, visheti, vyote vimeshuka kutoka hewani, na baada ya kula hakuna aliyeosha sahani.

Nauliza kwa sababu mwezi wa Agosti chakula kilijaa nyumbani kwangu vivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka, sioni wala sisikii, na kila nilipoinua uso palikuwa na sinia na watu wanakula. Kama ningekuwa Kadzo ningesema kilijaa chenyewe. Lakini wiki ya pili nilimwona Kache, jirani yangu wa ukuta mmoja, mikono yake imebabuka kwa mvuke wa masufuria hadi viwikoni. Kache si wa dini yetu wala si wa ukoo wetu, na hakuna aliyemwomba. Nilipomuuliza aliificha ndani ya leso akasema ni kidogo tu. Nililia siku ile kuliko siku ya maziko, sijui kwa nini, na naona si haki kwamba mwandishi wenu alipata kurasa tatu za karamu bila ya kulipa hata chozi moja.

Naomba mfalme awe na mpishi, na mpishi awe na jina.

3. Kuhusu mama yao.

Hana jina. Katika vitabu vitano anasema maneno mawili tu: "Msicheze na mtungi" na "Njooni mnywe uji." Nimemtafuta akifanya jambo la tatu, sikumwona. Wala hatujaambiwa baba yao yuko wapi, na mama huyo hajaulizwa. Nilipokuwa mdogo sikuligundua jambo hili hata kidogo, na sasa nimeligundua, nimekasirika kwa niaba yake.

4. Kuhusu jini.

Hapa nakuandikia kwa masikitiko ya mtaa mzima. Jini wa Pango la Chumvi hana kabila. Hana dini. Hatajwi baba yake wala anakotoka, hataki ubani wala halua, hadai mbuzi mweusi wala maji ya waridi. Anakaa pangoni anafanya ubaya bure, bila ya kutaka chochote, na mwishowe anakimbizwa kwa kupigiwa chafya. Mheshimiwa, sijui majini wa Nairobi wanavyoishi, lakini huku kwetu jini ni mtu mwenye mahitaji. Ukimwudhi utaambiwa, kwa jina lake na la ukoo wake, na utaandikiwa anachotaka. Mtoto anayekua akiamini kwamba chafya inatosha, akifika ukubwani ataaibika mbele za watu.

Sikulitoa hili kichwani mwangu. Shangazi Kuluthum, shangazi wa marehemu mume wangu, ambaye amekuja kukaa nami wakati wa eda, aliposikia nasoma habari za majini nikiwa katika hali hii, alimwita Mwalimu Hamdun wa chuo chetu cha Kurani aje atoe uamuzi kama inafaa. Mwalimu alikuja, akakaa upande wa pili wa pazia, akasema hawezi kuamua juu ya kitabu ambacho hajakiona. Nikampitishia cha kwanza chini ya pazia. Akaenda nacho. Baada ya siku chache akatuma mtu kusema kwamba jambo ni zito na uamuzi unahitaji kitabu cha pili. Wiki iliyofuata ulihitaji cha tatu. Watoto wa chuo wananiambia mwalimu amewapa sura ndefu ya kuhifadhi ili wanyamaze, na yeye amekaa pembeni amejifunika uso kwa kitabu, mabega yanamtikisika. Cha nne kimeondoka juzi. Uamuzi bado, isipokuwa kuhusu jini, ambaye mwalimu anasema, kwa maneno yake mwenyewe, hakufanyiwa utafiti.

5. Kuhusu uji.

Sasa nafika kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Hayo manne ya kwanza, nisikufiche, nimeyatia ili barua ionekane nene.

Kila kitabu chenu huisha kwa namna moja. Kadzo na Boga wamekaa Nchi ya Nyuma ya Maji mwaka mzima. Wamepigana vita, wamezika rafiki, Boga ameota ndevu na amezinyoa. Kisha wanapanda kutoka mtungini, wanaingia ndani wakidondoka maji, na uji waliouacha mezani bado ni moto. Mama yao hajui kama waliondoka. Safari yote, pamoja na vita vyake, imechukua muda ambao bakuli la uji halijapoa.

Nilipokuwa na miaka tisa niliona huo ndio mwisho mzuri kuliko yote duniani. Sasa nakuomba ukae kitako unisikilize.

Asubuhi ya mwisho ya maisha yake, mume wangu alikuwa amekaa mbele ya bakuli lake la uji wa mtama. Akaja mtu mbio kuomba msaada, lori la mchanga limezama karibu na msikiti. Rashid akasimama. Aliniambia, "Nifunikie, narudi sasa hivi." Nikaufunika kwa kawa. Moyo ulimsimama huko huko, mikono yake ikiwa juu ya bodi la lori pamoja na mikono ya wenzake, na mpaka lori liliponasuka hawakujua kwamba mmoja wao hasukumi tena. Na alirudi, Mheshimiwa. Alirudi kama alivyosema, amebebwa na wanaume wanne, na mimi nilipopisha njia mlangoni niligonga meza kawa ikaanguka, na uji ulikuwa bado unafuka moshi. Kwa hiyo siwezi hata kusema kwamba mwandishi wenu ni mwongo.

Binti yetu, Mwanasaumu, ana miaka minane. Asubuhi ile alikuwa chuoni. Alitolewa huko akapelekwa kwa Kache, akakaa kwake mpaka maziko yakaisha. Aliporudi nyumba imejaa watu, akauliza baba yuko wapi, na Shangazi Kuluthum akamjibu kwamba baba kasafiri, kaenda safari ndefu. Ndivyo watu wazima wa kwetu wanavyosema na watoto, na sijapata kusikia mtoto amedai ushahidi. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Sikukanusha.

Siku chache baadaye nikafungua sanduku, nikamsomea kitabu cha kwanza chote hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu nilitaka mdomo wangu uwe na kazi nyingine zaidi ya kuitikia pole.

Wewe ni msomi, fanya hesabu mwenyewe. Baba kasafiri safari ndefu. Wanaokwenda safari ndefu hurudi kabla uji haujapoa. Basi maadamu uji ni moto, baba hajachelewa. Nimeitafuta kasoro katika hesabu hiyo mchana kutwa, sikuiona. Nusu yake ametoa Shangazi, na nusu mmetoa nyinyi.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri nilisikia jiko la makaa linapepewa. Nikatoka, nikamkuta Mwanasaumu amechuchumaa. Alikuwa amepika uji wa mtama, ameutia katika bakuli la baba yake, ameufunika kwa kawa, na amekaa kando yake ameshika kipepeo cha makaa. Ulipoanza kupoa aliurudisha sufuriani akaupasha. Akaenda chuoni. Akarudi, akaupasha. Ndivyo anavyofanya kila siku tangu hapo. Ukikauka anaongeza maji, ukiganda anaupiga kwa mwiko. Makaa yanayokwenda ni mengi kuliko ya mwenye hoteli. Shangazi Kuluthum akimwona anasema mtoto huyu kajaliwa mkono wa kupika, ataolewa mapema.

Utaniuliza kwa nini sijamwambia ukweli. Nimejaribu. Nilimkalisha mbele yangu nikaanza, "Baba yako," na nikamalizia kwa kumwambia akavae viatu. Mara ya pili nilifika mbali zaidi kidogo, nikamwambia akaoge. Mimi, mwanamke mwenye kusema hadharani kwenye mikutano ya wazazi hadi mwalimu mkuu akaomba maji, sasa namwagiza mtoto mmoja chumvi ambayo nyumbani imejaa kopo, ili nisimalize sentensi.

Na utaniuliza kwa nini simlaumu Shangazi Kuluthum, ambaye ndiye aliyeanza. Shangazi ni mkubwa wangu. Amemlea marehemu tangu akinyonya. Anakaa chumba cha pili, na kila asubuhi namwamkia shikamoo naye anaitika kwa upole. Siwezi kumwandikia mtu barua ya malalamiko kisha nimpelekee chai nimuulize ameamkaje. Wewe uko Nairobi, hatujuani, na hujapata kunitendea wema wowote. Ndiyo maana nimekuchagua.

Kwa hiyo, kwa heshima zote na bila ya kupandisha sauti, nadai yafuatayo.

Ukurasa wa mwisho wa kila kitabu uchapwe upya, na uji uwe umepoa. Uwe na utando juu, na ikibidi inzi. Mimi nimekwisha kuanza na nakala yangu ya kitabu cha kwanza, ambayo Mwalimu Hamdun ameirudisha: nimekata neno "moto" kwa wino nikaandika juu yake "baridi, una utando". Nimeona sentensi haikuanguka. Inasimama vizuri tu.

Vitabu vilivyokwisha kuuzwa virudishwe. Najua ni miaka mingi, na watoto waliovisoma sasa ni makarani, wauguzi na polisi, lakini bila ya shaka baadhi yao wangali wanangojea mtu. Watangazieni redioni, baada ya matangazo ya vifo, wakati ambapo nyumba zote zimenyamaza zinasikiliza majina. Tangazo liseme kwa Kiswahili fasaha kwamba uji ulipoa, shirika linasikitika, na kila mtu aondoe bakuli mezani.

Kiandikwe kitabu cha sita. Humo Kadzo na Boga wakae huko mwaka mmoja, warudi wakute mwaka mmoja umepita. Paa linavuja. Mbuzi wameuzwa. Bibi hayupo, na mtungi umegeuzwa umekuwa wa kulishia kuku. Mama yao, ambaye sasa ana jina, afungue mlango awatazame asiwajue, kisha awajue, na kabla hawajasema habari zozote za wafalme na mapango, awakalishe chini awaeleze yeye mwaka huo aliupitishaje. Wao wasikilize. Kitabu hicho hakitauzwa, nakubali. Watoto watakilalia usingizi. Lakini mama mmoja mmoja, hapa na pale, ataamka usiku akakisome.

Mtungi utiwe kifuniko.

Na kama yote hayo ni mazito kwenu, basi nayaacha, nadai moja tu badala yake. Mleteni mwandishi wenu Likoni. Mpandisheni gari la moshi, avuke na feri, akishuka amuulize mtu yeyote nyumba ya marehemu Rashid aliyeanguka kwenye lori, ataonyeshwa. Nitamkaribisha kwa pazia. Nitampa kiti na chai. Kisha nitamwita binti yangu, na yeye, mwenye maneno mengi mazuri kiasi cha kutosha vitabu vitano, amwambie mtoto huyu kwamba baba yake harudi. Kwa sababu mimi maneno hayo sina. Nimeyatafuta katika kila kitabu nilichonacho ndani ya nyumba hii, na nyumba hii sitoki hadi mwisho wa mwaka.

Nikimaliza, nakuomba unifikishie salamu zangu kwa wote walio chini yako: wapiga chapa, wafunga vitabu, mlinzi wa mlangoni, aliyechora yule fungo kwenye jalada (mwambie mkia ni mfupi mno), na hasa mama anayewapikia chai ya saa nne, ambaye najua hatajwi katika barua zenu. Shangazi Kuluthum anakusalimu ingawa hajui nakuandikia nini. Kache anakusalimu. Mwalimu Hamdun anakusalimu na anasema ukipata nafasi umweleze kwa nini fungo hakumwoa yule malkia wa kitabu cha tatu.

Nategemea majibu yako ya haraka, au ya pole pole, maana mimi nipo.

Mwenye masikitiko na wewe, kwa adabu,

Mwanarehema binti Mwidani

Nyongeza. Barua hii imelala juu ya kabati siku kadhaa, ikimngoja shemeji yangu apate siku ya kwenda posta. Jana alasiri Mwanasaumu alikuja na kitabu cha kwanza, akataka nimsomee tena. Nikamsomea. Nikafika ukurasa wa mwisho, nikakutana na mwandiko wangu, na nikaona bora iwe hapo kuliko pengine. Nikasoma kama nilivyosahihisha: uji ulikuwa baridi, una utando. Kisha, macho yangu yakiwa bado juu ya karatasi kana kwamba na hayo yameandikwa, nikasema Kadzo na Boga walirudi lakini baba Rashid amekufa, amezikwa, na hatarudi.

Mwanasaumu akasema, "Najua, mama. Mtu akisafiri huchukua nguo zake. Za baba mliwapa watu."

Nikamuuliza, basi uji wa kila siku wa nini. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Siku ile uliponisomea ukurasa huu, ulicheka," akasema. "Ulikuwa hujacheka tangu baba afe. Nikadhani nikiufanya uwe moto, utacheka tena."

Kisha akakichukua kitabu mikononi mwangu, akaisoma sentensi ile kwa sauti kama mlivyoichapa nyinyi, akipita juu ya wino wangu kana kwamba haupo. Nami nililia, nikacheka, vyote kwa pamoja, kwa kelele ambayo haifai kabisa kwa mjane aliye edani, hata Shangazi Kuluthum akatoka chumbani kwake amevaa kiatu kimoja akiuliza nani tena.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naondoa malalamiko yangu yote isipokuwa lile la mpishi. Ningeichana barua na kuandika nyingine, lakini karatasi zimekwisha, na hii nimeitolea jasho. Isome kama haikuandikwa. Uji usiguswe. Mtungi ubaki wazi. Hata yule jini mwacheni apigiwe chafya, Mwalimu nitamtuliza mimi.

Ila nina ombi moja. Mnitumie nakala nyingine ya kitabu cha kwanza, kwa sababu hii yangu nimeiharibu kwa wino, na Mwanasaumu anataka kumsomea Shangazi Kuluthum, ambaye anasema naye hajacheka tangu Agosti.